Kunja Kama Kitabu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imeanza leo, nikiwa natoka shule. Nimepitia ofisini kwa Mama kama alivyoniagiza. Ofisi ni chumba kimoja nyuma ya duka la vioo, na kila gari kubwa likipita barabarani vioo vya jirani vinatetemeka nasi tunanyamaza mpaka vitulie. Mama ni mwenyekiti wa bodi ya Asasi ya Elimu ya Mpiga Kura. Hakuna anayelipwa. Mama anauza vitambaa asubuhi na kuwa mwenyekiti mchana. Katibu alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya ardhi hadi alipostaafu. Makamu ni Bibi Mkunga, ambaye nusu ya mtaa wetu imepita mikononi mwake. Mjumbe wa nne ni Fundi Saa, anayezungumza mara chache na kwa sauti ya chini kuliko hata mimi.

Sheria ya kwanza imebandikwa mlangoni: HATUNA UPANDE. Tunawafundisha watu namna ya kupiga kura, hatuwaambii wampigie nani.

Kazi yangu ni kusafisha lugha ya kijitabu chetu cha maelekezo ya kura, kwa sababu Mama anaamini mtu anayesoma kama mimi lazima ajue kuandika.

Alhamisi, 7 Machi

Lugha ya Katibu ni kama kabati lililojaa makoti. Leo nimekutana na sentensi hii: "Mpiga kura ataikunja karatasi yake kwa mlalo, sehemu ya chini ikielekezwa juu." Nimeisoma mara tatu. Nimeifuta nikaandika: "Ikunje kama kitabu." Maneno matatu. Mtoto ataelewa.

Jumamosi, 9 Machi

Kikao cha bodi. Mama alisoma kijitabu kwa sauti, nami nilikuwa nikitazama viatu vyangu. Alipofika pale, Katibu aliinua kidole.

"Mwenyekiti, waraka wa Tume ya Uchaguzi unasema kwa mlalo. Mlalo ni mlalo."

"Katibu, nani huko mitaani anajua mlalo?" Mama alimuuliza. "Kitabu kila mtu amekiona."

"Mimi nimezalisha miaka thelathini," akasema Bibi Mkunga, "na mtoto wa mlalo sijamwona akatoka bila shida. Acha kitabu."

Hata Fundi Saa alicheka. Katibu alinigeukia. "Binti, unajua kwa nini waraka umesema hivyo?"

Nilitikisa kichwa.

"Hata mimi sijui," akasema. "Ndiyo maana niliuacha kama ulivyo."

Wakapiga kura. Watatu kwa mmoja. Karatasi mpya za Tume hakuna aliyeziona bado, lakini kukunja ni kukunja. Katibu ni mtu asiye na ladha, na nilipomwona anaandika "imeridhiwa" kwa mwandiko wake ulionyooka kama rula, nilimwonea huruma kidogo.

Jumapili, 17 Machi

Mtaa wa kwanza leo. Bibi Mkunga amegeuza maneno yangu kuwa wimbo: "Piga dole, kunja kama kitabu, tumbukiza." Anaimba, watu wanaitikia kwa mikono, viganja vinafunguka na kufunga. Walipiga makofi.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Mitaa mitatu hadi sasa.

Jumamosi, 23 Machi

Bibi Mkunga alikuja na mwavuli wenye rangi ya chama kimojawapo. Mama akamzuia mlangoni.

"Mvua haina chama, Mwenyekiti."

"Mvua haina. Mwavuli unacho."

Basi alitembea bila mwavuli, akalowa mpaka kilemba kikashuka machoni, na njia nzima alikuwa akituambia kwamba akifa kwa homa ya mapafu tuandike kaburini kwamba hakuwa na upande.

Alhamisi, 4 Aprili

Wavulana walikuwa bombani shuleni wakiosha miguu, wakiimba "kunja kama kitabu." Hawajui ni nani aliyeandika. Nilisimama nyuma ya ukuta nikawasikiliza mpaka kengele ikalia. Sijawahi kuwa na furaha ya namna hii.

Jumatano, 10 Aprili

Mitaa kumi na tano. Jana tulivuka daraja kwenda mitaa mitatu ya ng'ambo. Watu wa kule hawapati wageni wengi, na walikaa kwenye matope saa nzima.

Jumanne, 16 Aprili



Karatasi za mfano zimefika kutoka Tume. Nilikuwa peke yangu ofisini nikizipanga. Mwaka huu wagombea ni wengi, kwa hiyo picha, kila moja na kisanduku chake cha kura, zimepangwa safu mbili, kushoto na kulia, zote nusu ya juu ya karatasi. Nusu ya chini ni nyeupe tupu. Niliona ajabu, nikadhani wameharibu karatasi bure.

Kisha nikajaribu. Nilichovya dole gumba kwenye wino kama mpiga kura, nikapiga kwenye kisanduku cha kwanza kushoto, nikakunja kama kitabu. Nikafungua.

Madole yalikuwa mawili. La kwangu kushoto, na jingine kulia, limetulia katikati ya kisanduku cha mgombea wa pili kana kwamba mtu amelipiga kwa makusudi.

Nilichukua nyingine. Nikahesabu mpaka sitini ili wino ukauke. Hewa yote ni maji, wino haukauki. Mawili tena. Ya tatu nikahesabu mpaka mia mbili. Mawili, la pili limefifia kidogo.

Ya nne nikaikunja kama Katibu alivyoandika, chini kwenda juu. Wino uliangukia pale peupe. Dole moja.

Kwa hiyo pale peupe pana kazi. Kura yenye alama kwenye visanduku viwili inahesabiwa kuwa imeharibika, hiyo iko kwenye kijitabu chetu wenyewe, ukurasa wa saba. Na mimi niliirekebisha lugha yake.

Nimezificha karatasi nne ndani ya kitabu cha jiografia.

Jumatano, 17 Aprili

Sikusema.

Alhamisi, 18 Aprili

Sikusema. Mama amerudi kutoka mtaa wa kumi na tisa akiwa amelowa na mwenye furaha. Alisema wamekunja vizuri kuliko mitaa yote. Nilimwambia naumwa tumbo.

Ijumaa, 19 Aprili

Katibu huhesabu kila kitu. Nilipoingia ofisini alikuwa na karatasi za mfano mbele yake.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba. Binti, zililetwa hamsini. Ziko arobaini na sita."

Nilitoa kitabu cha jiografia. Sikuweza kusema, nikaziweka tu mezani, moja baada ya nyingine. Alizitazama. Akavua miwani, akachovya dole lake mwenyewe, akapiga, akakunja kama kitabu, akafungua. Vioo vya jirani vilitetemeka vikatulia.

Nilikuwa nikingoja aseme "nilisema." Nilikuwa nimejiandaa kwa neno hilo siku tatu nzima. Aliniuliza, "Umelala?"

"Hapana."

"Nenda ukanawe mkono. Wino huu ukikaa hautoki."

Jumamosi, 20 Aprili

Kikao cha dharura. Fundi Saa alifunga mlango. Katibu aliwaonyesha, kisha akakaa. Bibi Mkunga aliweka kiganja mdomoni.

"Mitaa kumi na tisa," akasema mwishowe. "Tuseme watu mia moja na hamsini kila mtaa."

"Usihesabu," Mama alisema.

"Nisihesabu vipi? Nimewaimbisha mimi."

Mama alisimama akaenda dirishani, akarudi. Namjua Mama tangu nizaliwe, na leo nimemwona mara ya kwanza akitafuta mahali pa kuweka mikono. "Siku kumi na tano kabla ya kura tunasimama tunasema tuliwafundisha vibaya. Nani atatuamini tena? Kila upande utasema tumenunuliwa na mwenzake."

"Mteja akiniletea saa niliyoiharibu," Fundi Saa akasema, "namwambia nimeiharibu mimi. Hafurahi. Lakini anajua asiitegemee."

"Saa ni moja, Fundi. Hawa ni watu elfu tatu."

"Ndiyo maana," akajibu.

Mama alisema aende kwanza Tume. Pengine watachapisha tangazo. Pengine watasema si kitu. Alilirudia lile la pili, nikaona kwamba analitaka kuliko la kwanza. Nilitamani nisingeona.

Jumatatu, 22 Aprili

Mama na Katibu walikwenda Tume. Afisa aliwaambia msimamizi wa kituo atatumia busara. Katibu alimfungulia kanuni akamwonyesha kwamba hakuna neno busara pale. Afisa alimwambia mzee, usinifundishe kazi, na msilete taharuki. Kutangaza redioni hakuruhusiwi, maelekezo ya kura hutolewa na Tume peke yake. Lakini sisi kwa midomo yetu, tukitaka, ni haki yetu.

Mama amekaa jikoni bila kuvua viatu. Maji yalichirizika yakafanya dimbwi chini ya kiti.

"Usimwambie mtu kwamba ni wewe," alisema. "Ni ya bodi. Umesikia?"

"Lakini ni mimi, Mama."

"Nimesema ni ya bodi."

Jumanne, 23 Aprili

Wameamua kurudi, mtaa kwa mtaa. Mama ndiye aliyepiga kura ya mwisho, na aliinua mkono polepole kama mtu anayeinua ndoo. Siku zilizobaki ni kumi na mbili, mitaa kumi na tisa. Shule imefungwa, kwa hiyo nami naenda.

Alhamisi, 25 Aprili

Sikujua ni vigumu hivi kumfuta mtu kitu kichwani. Mama anaeleza, wanaitikia kwa vichwa. Anawauliza, "Haya, tunakunjaje?" Viganja vyote vinafunguka na kufunga. Bibi Mkunga ametunga wimbo mpya, "kunja chini kwenda juu," lakini haukai mdomoni. Wa kwanza ulikuwa mzuri mno. Hilo ndilo ninalolala nalo: kama ningeandika vibaya kidogo, wangekwisha kusahau.

Ijumaa, 26 Aprili

"Leo mlalo, kesho wima, keshokutwa tukunje kwa miguu," alisema mwanamke mmoja, na umati ukacheka. Watoto walitusindikiza wakiimba wimbo wa zamani. Mitaa mitano.

Jumamosi, 27 Aprili

Leo ilikuwa kwenye ukumbi wa soko. Mvua ilipiga bati kwa nguvu kiasi kwamba Mama alipaza sauti mpaka ikakatika. Watu walikuwa wengi na wamechoka. Nilisimama pembeni nimeshika karatasi za mfano.

Muuza nyama mmoja, mwenye aproni bado kiunoni, alisimama juu ya benchi. "Tuulize swali moja. Nani amewalipa mrudi?"

"Hakuna aliyetulipa," Mama alisema, lakini sauti ilikuwa kama karatasi inayochanwa.

"Basi nani aliwalipa mje mara ya kwanza?"

Kicheko. Mtu wa nyuma akasema, "Mwacheni mama wa watu." Muuza nyama hakushuka. "Mimi namtaka aliyeandika. Kuna mtu alikaa na kalamu yake akaandika kama kitabu. Alikuwa na nia gani? Asimame tumwone."

Nilikuwa hatua nne kutoka kwenye jukwaa. Neno lilikuwa moja tu, "mimi," herufi nne. Nililiona kabisa limeandikwa mbele ya macho yangu, na mdomo haukufunguka. Mama alinitazama na akatikisa kichwa kidogo sana kunikataza.

Katibu alisimama. Alifunga kifungo cha koti lake kwanza.

"Mimi ndiye katibu," alisema. "Kila kilichoandikwa na asasi hii ni kazi ya katibu."

"Mzee mzima, ulisomea wapi?"

"Jioni, baada ya kazi. Sikumaliza."

"Basi hata kitabu hujui kinavyokunjwa."

"Inawezekana," akasema Katibu. "Lakini karatasi hii naijua sasa. Nipe dakika moja nikuonyeshe, halafu unitukane vizuri."

Walicheka, ila kicheko kilikuwa tofauti. Alimpa muuza nyama wino na karatasi mbele ya wote. Muuza nyama akakunja kama kitabu, akafungua, akatazama. Akashuka kwenye benchi. Akachukua karatasi nyingine akaikunja kutoka chini, akawaonyesha jirani zake.

Wakati wa kutoka mtu mwingine alimrushia Katibu tope lililompata mgongoni. Nilitembea nyuma yake njia nzima nikilitazama lile doa. Nilitaka kusema samahani. Tulipofika kona yake aliniaga kwa kusema nisisahau kurudisha karatasi kumi na mbili.

Jumapili, 28 Aprili

Nimeandika "mimi" mara nyingi kwenye ukurasa, kisha nimeuchana.

Jumanne, 30 Aprili

Mitaa kumi na mbili. Masanduku ya kura yamevuka kwenda ng'ambo leo kwa lori la Tume. Mama aliomba lori libebe barua yetu kwa wasimamizi wa kule. Afisa alisema gari la Tume halibebi karatasi za asasi.

Jumatano, 1 Mei

Tungepaswa kuanza na ng'ambo. Tulisema mwisho, kwa sababu ni mbali. Usiku wa kuamkia leo mto umepanda juu ya daraja.

Alhamisi, 2 Mei

Tumemaliza mitaa kumi na sita. Imebaki mitatu, yote ng'ambo.

Simu za kule hazishiki, mnara umezimika tangu juzi. Tulikwenda mtoni wote watano. Walinzi wamefunga kamba. Maji ni ya rangi ya chai ya maziwa, yanabeba milango na matawi, na daraja halionekani ila vichwa viwili vya nguzo. Fundi Saa alijaribu kuzungumza na walinzi, akawaahidi atapita akishika waya wa daraja. Walimrudisha kwa mabega kama mtoto.

Ng'ambo kulikuwa na watu, wadogo kama vijiti, wametoka kuangalia mto. Katibu alishuka mpaka kwenye kamba. Akapiga kelele, yeye ambaye hata ofisini hainui sauti. Mto ulimeza kila kitu. Basi akanyoosha mikono chini, akaipandisha juu, chini, juu, kama mtu anayefunika sanduku. Bibi Mkunga akajiunga naye. Kisha Mama. Kisha mimi. Tukasimama mstarini kwenye mvua tukikunja hewa kutoka chini kwenda juu.

Wakatuona. Watoto wa kule walirukaruka. Wakainua mikono yao juu ili tuione vizuri, wakatujibu kwa furaha: viganja vinafunguka, vinafunga, vinafunguka, vinafunga.

Bibi Mkunga alikaa chini kwenye matope. "Wanatusalimia," alisema. "Ee Mungu wangu, wanatusalimia."

Ijumaa, 3 Mei

Mto haujashuka.

Jumamosi, 4 Mei

Mto haujashuka. Mama hali chakula.

Jumapili, 5 Mei

Siku ya kura. Umri wangu haujatimia. Mvua imekatika asubuhi na jua limewaka kweupe, kwa dharau.

Jumatatu, 6 Mei

Matokeo yamebandikwa nje ya ofisi ya Tume. Katibu alisoma, mimi nikaandika. Kura zilizoharibika mitaani tulikorudi: tisa, kumi na nne, sita, kumi na moja, hivyo hivyo. Ukumbi wa soko, tatu. Mitaa mitatu ya ng'ambo: mia moja themanini na nane. Mia mbili na tatu. Mia moja sitini na moja.

Katibu alijumlisha kichwani na hakusema jumla. Niliijumlisha mwenyewe. Mia tano hamsini na mbili. Mshindi ameshinda kwa tofauti ya kura mia tatu na kumi.

Walioshindwa wanasema tulinunuliwa. Walioshinda hawasemi kitu, na Mama anasema hilo ndilo baya zaidi.

Jumatano, 8 Mei

Mlango wa ofisi umeandikwa kwa mkaa neno ambalo sitaliandika. Bodi itakutana Jumamosi kuamua kama asasi ifungwe. Maji yameshuka.

Alhamisi, 9 Mei

Nilikuwa ofisini na Katibu nikisugua mlango. Alikuja mwanamke mtu mzima, sketi imelowa mpaka magotini. Alikuwa ametoka ng'ambo kwa miguu tangu alfajiri, mara tu walinzi walipofungua kamba. Katibu alimpa kiti.

"Nimekuja kushukuru," alisema. "Mimi sijawahi kupiga kura. Nilikuwa naogopa, sijui kusoma, naona watanicheka. Mlipokuja mkaimba, nikasema hili naliweza." Akafungua viganja akavifunga. "Kama kitabu. Mimi kitabu changu sijawahi kuwa nacho, nimekunja hicho kimoja."

Katibu alikuwa anasafisha miwani iliyokuwa safi.

"Sasa kule wanasema kura nyingi zilitupwa," mwanamke akaendelea. "Nimekuja kuuliza. Yangu ilihesabiwa?"

"Mama," Katibu alianza, "mimi ndiye katibu wa—"

"Hapana," nilisema.

Wote wawili walinitazama. Kitambaa kilikuwa kinadondosha maji meusi kwenye viatu vyangu.

"Kura ni siri, mama, hakuna anayeweza kujua ya kwako. Lakini kama uliikunja hivyo, naona haikuhesabiwa. Wino ulihamia kwa mwingine. Maneno yale yalikuwa na makosa, na si Katibu aliyeyaandika. Yeye aliandika sawa. Mimi ndiye niliyefuta nikaandika kama kitabu."

"Wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Nilitafuta jibu la kweli. "Niliona ni mazuri."

Alinitazama. Nilidhani atanipiga, na ningekaa nipigwe. Mwishowe alitazama viganja vyake, akaviweka magotini.

"Yalikuwa mazuri," alisema. "Uchaguzi mwingine ni lini?"

"Miaka mitano, mama," Katibu alijibu.

"Mitano." Aliinuka kwa kushika meza. "Mimi daktari amenipa mwaka mmoja. Kura yangu ilikuwa hii hii."

Katibu aliomba kumsindikiza mpaka barabarani. Alikataa, akasema njia anaijua.

Kisha Katibu alifungua daftari la kumbukumbu za bodi, akaandika tarehe, na kwa mara ya kwanza akalisukuma upande wangu pamoja na kalamu. "Jumamosi bodi lazima isikie alichosema mama huyu," akaniambia. "Na ulichosema wewe."

Nimeandika neno kwa neno. Sikurekebisha kitu.